Korongo wa Pete ya Njano Hatoki Leo

Mgeni rasmi, wageni mlioandamana naye, mkuu wa kituo, daktari wetu wa wanyama, na majirani mlioketi kwenye mabenchi haya ya kuazima: tunawasalimu kwa heshima zote, tena kwa sauti ya chini, maana nyuma ya mabati haya kuna wanaotusikia.

KARIBU

Mheshimiwa, wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi wenyeji hatujambo. Tunaye mgonjwa mmoja tu, na kupona kwake kunategemea utakachokubali asubuhi hii. Kwa hiyo utusamehe risala yetu isipofanana na ulizozizoea.

TULIKOTOKA

Tulianza watu wanne, miaka sita iliyopita. Leo tuko kumi na saba: yumo muuguzi, yumo fundi baiskeli, yumo mwalimu wa chekechea, na wengine ambao kazi yao hasa ni kutokaa nyumbani. Tunaosha mabanda, tunakatakata mapapai, tunawafunga bendeji kobe waliogongwa na magari. Ukisikia mtu ananuka popo kwenye foleni ya benki, ni mwenzetu.

Mwaka jana askari wa wanyamapori alituletea katoni ya sabuni. Ndani mlikuwa na vifaranga watatu wa korongo, wale ambao wakikua huota taji la dhahabu kichwani. Walikamatwa wakiuzwa stendi, hata wiki hawajatimiza. Daktari akatuambia: kifaranga wa korongo humfanya mama yule anayemwona akimlisha. Akikuona wewe, atajihesabu mtu. Siku akiachiwa atawafuata watu, na watu watamkata mabawa wamweke uani awe pambo.

Hapo akaingia kazini fundi cherehani wetu, ambaye sote tunamwita Mama Pini kwa sababu hazimwishi mdomoni. Alishona majoho ya kijivu yanayomfunika mtu kuanzia utosini hadi viatuni, yenye wavu mahali pa macho. Akashona na kichwa cha korongo cha kuvaa mkononi kama glovu, macho yake vifungo, taji lake nyuzi za zulia kuukuu. Kwa mkono huo tuliwalisha panzi na kuwaonyesha namna ya kudonoa. Sheria zilikuwa mbili: joho halivuliwi bandani, na neno halisemwi.

MAFANIKIO

Wote watatu wako hai na wote wanaruka. Hatukuwapa majina, tuliwavika pete za rangi miguuni. Wa pete nyekundu na wa buluu, mtu akipiga chafya barabarani, hao juu kwenye wavu wa paa la banda! Si rahisi, Mheshimiwa, kumshangilia mtoto asiyetaka hata kukuona. Sisi tumejifunza.

Wa pete ya njano ndiye mgonjwa wetu.

CHANGAMOTO

Risala nyingi mahali hapa hutaja maji na barabara. Changamoto yetu ni wivu.

Vifaranga walipofikisha miezi mitatu alijiunga nasi dereva mstaafu wa lori. Alikuja, kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu mkewe alimwambia, "Baba, ama utafute pa kushinda, ama nitafute mimi." Ni mtu mzito wa hatua, asiye na haraka na lolote. Akiingia bandani na joho lake, Njano anamfuata unyounyo kila kona, akisimama naye, akikaa naye. Akiingia Mama Pini, aliyevaa joho lile lile, Njano anatazama mlangoni kuona kama kuna mwingine anayekuja.

Mama Pini aliyaona haya yote kupitia tundu la mabati. Joho nimeshona mimi, alijiambia, kichwa nimeshona mimi, mpaka kope nimezitia kwa mkono wangu. Mtoto awe wa mtu aliyefika juzi?

Akamvaa dereva kwenye karo la kuoshea ndoo.

"Baba, umempa nini yule ndege?"

"Sijampa kitu, mama. Natembea tu."

"Kwani mimi naruka?"

"Wewe unatembea kama mtu aliyeachwa na basi. Hata mimi ningekukimbia."

Tulicheka sote. Mama Pini hakucheka.

Siku moja dereva alikwenda kliniki, na zamu ya mchana ikamwangukia Mama Pini. Njano alisimama akitazama mlango. Alitazama mpaka panzi wakaisha kwenye bakuli. Hapo, Mheshimiwa, mwenzetu alivua kofia ya joho, akapiga magoti, akasema, "Nitazame. Mimi ndiye niliyekushonea mama."

Njano akaja. Akamdonoa kifungo cha blauzi, kisha hereni, kisha akalaza shingo begani pake. Tangu mchana huo Mama Pini aliomba zamu za wagonjwa, za wavivu na za waliofiwa. Alifanya hivyo siku kumi na tisa.

Tuligundua pale fundi umeme alipopita nje ya uzio akigombana na mtu kwenye simu. Nyekundu na Buluu wakapaa. Njano akakimbilia sauti, akapenyeza shingo kwenye wavu, akasubiri kukunwa.

Kikao kikaitwa. Daktari akauliza ni nani aliyeongea bandani. Dereva akainua mkono: "Pengine ni mimi. Huwa nakohoa."

Mama Pini akasimama kama aliyechomwa na pini zake mwenyewe. "Hata kosa langu unalitaka?" akamfokea. "Huyu kanizoea mimi! Mimi ndiye niliyemharibu, si wewe!"

Hakuna aliyemnyooshea kidole, maana kila mmoja wetu ana wivu wake. Muuguzi hamjibu mtu aliyemshika kobe wake. Mwalimu wa chekechea huficha chupa ya maziwa ya mtoto wa paa ili zamu isimpite. Na wewe pia, Mheshimiwa, tunakuonea wivu. Sisi tumewinda panzi kwa magoti miezi kumi na mmoja. Wewe utafungua lango kwa mkono mmoja, na ndiwe utakayeonekana gazetini.

Sasa Njano anaishi na korongo jike mzee aliyevunjika bawa, ambaye tangu aletwe hajamsamehe binadamu yeyote. Mtu akiongea, bibi huyo hupiga kelele na kukimbia, na Njano ameanza kukimbia naye. Daktari anasema msimu mmoja zaidi utatosha, asipozoeshwa watu tena. Imebaki sauti moja tu asiyoikimbia.

MAOMBI

Barua ya ofisi yako iliomba korongo wote watatu waachiwe leo, na "mmoja aliyezoea watu" asimame nawe kwa picha. Tunaomba uwafungulie wawili, na picha hiyo isipigwe. Ikitoka gazetini, kila mwenye ua atataka korongo wake, na katoni za sabuni hazijaisha madukani. Tunajua ombi letu la kuzuia bonde lililo nyuma ya kituo lisilimwe liko mezani kwako, na mwombaji hachagui siku ya kumkatalia mwombwa. Hata hivyo, sisi tumeichagua leo.

Jana afisa wako wa itifaki alikuja kupanga viti, akamkuta Mama Pini akikunja pindo la kitambaa cha meza hii.

"Mama, nasikia ndege anakuitikia wewe."

"Ananiitikia."

"Basi kesho utasimama karibu na Mheshimiwa, umwite mara moja tu. Watu wote waone."

Watu wote waone! Alitusimulia kwamba maneno hayo yalimshuka kooni kama chai ya asubuhi. Aliuona umati. Alimwona dereva nyuma kabisa, joho mkononi, na Njano akiwapita watu wote kuja kwake. Hakuna alichowahi kukitaka zaidi ya hicho, alisema, hata mume. Akatoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine.

"Mwanangu, kesho mimi sitakuwepo."

"Una safari, mama?"

"Sina."

Asubuhi ya leo alipita hapa kabla hatujapanga maua, akampa dereva ufunguo wa banda ambao hajawahi kumwachia mtu.

"Usidhani nimekupenda," akamwambia.

"Najua, mama."

"Na uinue miguu. Viatu vyako vinakwaruza."

Akaondoka. Kwa hiyo hata ukiagiza Njano aitwe, Mheshimiwa, hapa hayupo wa kumwita.

Tunakuombea kwa Mwenyezi Mungu afya, macho ya mbali, na kitu cha kukipenda hadi kukionea wivu, kisha akupe nguvu za kukipisha kipite. Tunaomba pia tusipigiwe makofi. Dereva atakuongoza langoni, nawe tembea polepole kama yeye.

Ni sisi,
Wajitoleaji kumi na saba wa Kituo cha Kuuguza na Kurejesha Wanyamapori, kumi na sita tukiwa mbele yako.