Tumbo Langu na Hofu ya Watu

Ndugu zangu, asifiwe Bwana aliyenisimamisha hapa mbele leo! Ushuhuda wangu ni wa tumbo, na mwenye kucheka acheke tu.

Mimi ni Mama Neema, mtu wa Fizi kule Kongo, sasa mkaaji wa kambi hii ya Nakivale, Uganda. Kwa muda mrefu niliogopa watu. Nikisikia hodi, moyo ulikwenda mbio na tumbo likachafuka. Likichafuka, nilimeza kapsuli za kuua vijidudu, nilizojinunulia sokoni Rwekubo bila kupimwa. Nilipata nafuu kidogo, kisha tumbo likazidi, na hofu ikazidi. Wazazi wa mchumba wa Neema walipokuja kuposa, nilijificha chooni mpaka wakaondoka. Wakasema mama wa binti amewakataa. Posa ikasimama. Mwanangu alilia, nami niliumia sana!

Nilifunga, nikaomba. Mungu akanijibu kwa kunipeleka hospitali ya Mbarara! Daktari wa huko alinieleza kwamba tumboni mna vijidudu vyema pia, na tumbo hupashana habari na ubongo. Zile kapsuli huua vyema na vibaya pamoja. Hakuniahidi muujiza; alisema wataalamu bado wanachunguza. Aliniachisha kapsuli, akanipa mshauri wa kuongea naye, akaniambia nile maharagwe, mboga na maziwa ya kuganda, yenye vile vijidudu vyema.

Sasa sisi wa kambini tumezoea kuchemsha kila kitu. Nikayachemsha yale maziwa yaliyokwisha kuganda! Niliporudi kwake, daktari alishika kichwa, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: "Mama, wewe nachemsha? Basi wewe naua wote! Chemsha kwanza, gandisha baadaye." Tulicheka mpaka machozi.

Ndugu zangu, haikuwa kazi ya siku moja. Polepole tumbo lilitulia, usingizi ukarudi. Sijui ni maziwa, ni mshauri, au ni kuacha kapsuli. Aliyevipanga vyote ninamjua!

Jumamosi wale wakwe walirudi, nimewaita mwenyewe. Hodi ilipopigwa, nikafungua mlango. Mama wa kijana akaniuliza, "Mama Neema, siku ile ulikuwaka fasi gani?"

Nikamwambia, "Mu choo. Nilikuwa naogopa batu."

Akanishika mkono, akasema kwa sauti ndogo, "Hata miye naogopaka."

Asante Yesu! Ndugu yangu mwenye hofu, mtegemee Mungu, na daktari usimfiche kitu. Ukishindwa kwenda peke yako, nitakusindikiza. Na kwenye arusi ya Neema mje wote, mje wengi, mjae mpaka njiani!