Felista Mwaisumo na Kengele ya Kiti cha 7F

Baba mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani wa dini zote mliotufuata hapa Likombe, mimi ni Samweli, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu.

Marehemu Felista Mwaisumo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1983, Rahaleo, Mtwara, akiwa mtoto wa pili wa mzee Mwaisumo, mwenyeji wa Rungwe aliyeletwa huku na kazi ya bandari. Alisoma shule ya msingi hapahapa mjini kuanzia mwaka 1991 hadi 1997, akamaliza kidato cha nne mwaka 2001, na mwaka 2004 akajiunga na chuo cha ufundi wa ndege Dar es Salaam, alikohitimu mwaka 2007 na kuajiriwa hukohuko kama fundi wa ndege.

Tarehe 15 Mei 2010 alifunga ndoa na Mwalimu Fredi Chitanda, na Mungu akawajalia watoto wawili, Happiness na Riziki.

Mwaka 2019 alihamishiwa uwanja wa Mtwara kuhudumia ndege ya jeti yenye njia moja katikati ya viti, ambayo sifa zake alizitaja kama mtu anayemsifia mwanawe: urefu mita thelathini na nane, mbawa mita thelathini na tano, injini mbili chini ya mbawa, abiria mia moja thelathini na wawili, na uwezo wa kupanda futi elfu arobaini na moja.

Tarehe 9 Novemba 2022, mchana, abiria walipokwisha kushuka, akiwa ndani ya ndege hiyo na fundi mwenzake Saidi, kengele ya kumwita mhudumu ililia kutoka kiti cha 7F, dirishani upande wa kulia, na kitini hapakuwa na mtu. Walikagua nyaya, zikawa nzima, wakazima umeme wote wa ndege, na taa zote zikiwa zimezimika, kengele ikalia tena.

Saidi, ambaye yuko nasi hapa, anasema alimwambia, "Dada Felista, tushuke," naye akamjibu, "Tushuke, lakini tukaanzie injini ya kulia."

Alizungusha mapanga ya injini kwa mkono, moja baada ya jingine, akipapasa kwa ukucha, mpaka akaukuta ufa mwembamba kama unywele kwenye shina la panga moja. Rubani alimweleza kwamba watu wanasubiri, wakiwemo wagonjwa, naye akasema, "Kapteni, ndege hii hairuki, mimi sisaini."

Kisha alikuja ukumbi wa abiria, nilimokuwa nasubiri safari hiyohiyo, akaniomba kibali changu cha kupandia ndege, akakisoma, akakitia mfukoni mwake. Nilimuuliza, "Dada, kuna nini?" Akasema tu, "Rudi nyumbani, Samweli." Kiti changu kilikuwa 7F.

Wataalamu waliokuja baadaye walithibitisha ufa ule, lakini kengele hawakuipatia sababu. Watu walipotaka asimulie kanisani, alikataa, akasema, "Semeni nilikagua, inatosha."

Januari 2024 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Dar es Salaam, na Februari mwaka huu wa 2025 akaomba arudishwe nyumbani. Jumanne tarehe 11 Machi, asubuhi, siku isiyokuwa na safari yoyote, ulisikika mvumo wa ndege ukitokea upande wa Msimbati, ukashuka chini mpaka vioo vya dirisha vikatikisika, tukatoka nje na majirani, mama Mwanahamisi akiwa mbele, na mbingu ilikuwa tupu. Tuliporudi chumbani, Mwalimu Fredi alikuwa amemshika mkono, naye alikuwa ameshaondoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wafanyakazi wenzake wa uwanjani waliobeba jeneza tangu asubuhi, na ninyi majirani mliotazama juu pamoja nasi, kwa maana bila ninyi tungedhani huzuni imetuharibia masikio.

Dada Felista, mimi nipo hai, na wanao nitawalea pamoja na baba yao. Lala kwa amani ya Bwana.