Mtufaa Uliolala wa Rimma Anfimovna

Wasikilizaji wapendwa, huko nje theluji inaanguka polepole. Katika bustani moja hapa Malinovka, mtufaa umelala chini yake. Mwenyewe hayupo. Rimma Anfimovna, mpenda bustani wetu, alituacha mwezi wa Oktoba. Leo tunamkumbuka yeye na mtufaa wake uliolala.

Naam, uliolala. Asili yake ni kusini, kwa akina mume wa Rimma. Mume huyo, Yefim, aliuleta ukiwa kijiti tu, kimefungwa kitambaa kibichi, amekificha kifuani ndani ya koti. Watu wakacheka. Tufaa la kusini, hapa Siberia? Lakini Rimma alikuwa binti wa hapa. Aliupanda kwa kuulaza. Akayazoesha matawi yake kutambaa, yasizidi goti, ili theluji ikija iyafunike yote. Kinachobaki juu ya theluji hapa kwetu hufa. Kilicho chini yake huishi. Basi kila vuli Rimma aliyabana matawi ardhini kwa kulabu za mti, akayafunika kwa matawi ya misonobari. Kila Mei aliyafungua.

Jirani yake, Prokop Yegorovich, hakuchoka kumtania kutoka ng'ambo ya ua.

"Rimma Anfimovna, mti wako umelewa tena?"

"Umelala, jirani, haujalewa. Mlevi wa mtaa huu namjua, na hana majani."

Yefim alifariki, mtufaa ukabaki. Asubuhi Rimma alitoka na gauni la kulalia na buti za mpira, akaketi karibu nao, akaongea. Binti yake, Tamara, anakumbuka: "Nilidhani mama amechanganyikiwa. Kumbe alikuwa anampa baba habari za mtaa."

Halafu, wasikilizaji wapendwa, ikaja ile Aprili ya joto la ajabu. Prokop akapaza sauti: "Ufunue, jirani, unakosa hewa!" Rimma, ambaye hakuwahi kumsikiliza mtu, siku hiyo akasikiliza. Matawi yakainuka. Yakachanua mapema. Bustani ikanukia mpaka barabarani, naye akawa anatembea humo taratibu, mikono nyuma, kama yuko ndotoni. Kisha mcheri-mwitu wa kando ya mto ukachanua, na sote tunajua maana yake: mcheri ukichanua, baridi haiko mbali. Baridi ilirudi. Kulipokucha maua yalikuwa meusi, na nusu ya matawi ikafa.

Kiangazi kizima Rimma hakumsemesha Prokop. Walikuja kusalimiana tena, lakini utani wa ulevi haukusikika tena.

Tangu hapo alikuwa akimwambia Tamara neno moja: "Nife wakati wowote, mwanangu. Ila si vuli, kabla sijaulaza mti."

Akafa vuli, kabla hajaulaza. Kulabu zilikuwa tayari kwenye ndoo, mlangoni.

Walipotoka makaburini mbingu ilishakuwa nzito, na ardhi ilianza kuwa ngumu. Tamara anaishi mjini, ghorofani, hajawahi kubana tawi maishani mwake. Alishika moja, likalia, akaliachia. Akasimama hapo na ndoo, akilia.

Lango likafunguka. Prokop Yegorovich akaingia, bado na suti ya mazishi.

"Sogea, mwanangu. Usilivute. Egemeza mkono, lisubiri lenyewe likubali."

Akapiga magoti kwenye tope. Tawi moja, kulabu. Tawi jingine, kulabu. Tamara akamuuliza kajifunzia wapi.

"Kwani unadhani nilikuwa nachungulia nini miaka yote hii?"

Akatandika matawi ya msonobari, akayakandamiza kwa viganja. Tamara alimsikia akisema chini chini: "Haya, Rimma Anfimovna. Umelala. Haujalewa."

Jioni hiyo theluji ikaanguka.

Tunampa pole Tamara. Tunampa pole na Prokop Yegorovich, maana naye ni mfiwa, hata kama hakuna aliyemwambia hivyo.

Nawe unayetusikiliza, kabla chai haijachemka, vaa buti utoke. Kanyaga theluji kuzunguka shina la mti wako, ishikamane, panya wasipite kutafuna gome. Ukimaliza, kanyaga na kwa jirani, usingoje akuombe. Na ukiwa unakanyaga, jiulize: ukiondoka leo, ni nani amekuchungulia vya kutosha kujua namna ya kuulaza wa kwako?

Lala salama, Rimma Anfimovna. Mti wako nao umelala.