Abiria Wasio na Nyuso

Benchi la kijani mbele ya jengo namba kumi na nne, mtaa wa Banovo Brdo, huwa limejaa kabla birika la kahawa halijatoka dirishani kwa Daktari. Daktari hajawahi kutibu hata paka. Alikuwa muuza miwani. Refa alichezesha mechi za daraja la tatu mpaka goti likamkatalia. Mzee Tramu aliendesha tramu, yale magari ya umeme ya relini mjini, miaka thelathini na moja. Ijumaa hiyo ya Septemba alikuwepo pia Relja wa ghorofa ya pili, anayeandika hukumu za michezo ya kompyuta mtandaoni. Pembeni kabisa alikaa Neda na kigari cha mtoto wake. Mchezo waliokuwa wakiubishania ni Neda aliyeutengeneza. Hakuna aliyejua, kwa sababu jina aliloweka kwenye mchezo si lake.

Mchezo ni wa kuendesha tramu. Ulikuwa umeanza kuuzwa kabla haujakamilika, ukiwa na tangazo kwamba utakamilika Aprili ijayo. Relja alitakiwa kutuma hukumu kabla ya saa sita mchana, na alikwisha kuandika alama nne kwa kumi. Neda alijua alama hiyo ikishatoka haifutiki. Mchezo ungekuja kukamilika, na watu bado wangesoma ile nne na kupita.

— Breki hazishiki, abiria hawana nyuso, alisema Relja. Niwaambie watu nini?

— Usipoziba ufa utajenga ukuta, alisema Daktari. Mwenye mchezo ukuta ndio anaujenga, kwa hiyo ufa si tatizo.

Refa alimwambia anywe kahawa anyamaze. Kwake yeye, mechi haina matokeo dakika ya sitini. Hata mkewe akikoroga pilipili hoho za kuweka akiba ya majira ya baridi, anayechovya mkate kabla hazijaiva hupigwa kwa mwiko.

— Mkeo hauzi huku anakoroga, alisema Relja. Huyu ameshauza.

Neda akatikisa kigari, ingawa mtoto alikuwa amelala. Maneno hayo yalimchoma kwa sababu yalikuwa kweli.

Daktari akaanza kueleza siri ya zile nyuso. Akiwa kwenye kikombe cha kwanza, abiria walikuwa marehemu. Kikombe cha pili, nafasi zao ziliachwa wazi ili zijazwe nyuso zetu, zinazopigwa picha kwa siri kwenye taa za barabarani.

— Kwa pua yako hiyo, alisema Refa, kompyuta itazimika.

Mzee Tramu alisema yeye haoni kosa. Miaka yote ile hakuwahi kuona uso wa abiria; dereva hutazama mbele.

Ndipo Bi Stojanka wa posta, aliyekuwa akipita na barua, akatua mkoba wake, akasikiliza kidogo, akauliza:

— Aliyeutengeneza anasema kimebaki nini?

Wote walikuwa wamehukumu, na hakuna aliyeuliza.

— Nyuso, alisema Neda kwa sauti ndogo. Nazichora moja moja. Breki nilidhani ziko sawa.

Benchi zima likageuka.

— Ni wewe, jirani? alisema Relja. Basi ujue, breki nitaziandika. Siwezi kuficha.

— Ziandike. Ila andika ni za Septemba.

Relja akafuta ile nne. Juu kabisa akaweka tarehe. Akaandika kilichopo na kisichopo, kisha akasema alama atatoa mchezo ukikamilika. Akamsomea Neda yote kabla ya kutuma. Sentensi ya breki ilikuwa kali. Neda aliingoja imuume, haikumuuma. Akajikuta anavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetua ndoo.

Mzee Tramu akamsogelea.

— Tramu haikanyagwi breki kama gari, mwanangu. Unaachia umeme kwanza, ndipo unashika taratibu. Lete hiyo kompyuta.

Bi Stojanka akashika kigari bila kuombwa, na Neda akapanda ngazi mbili mbili kwenda kuileta.