Siku Niliyonyamaza Kwa Vonza

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Asifiwe hata na sisi ambao hatuelewi vile anafanya kazi!

Mimi mnanijua. Miaka yote hii mmeniona hapa mbele kando ya mhubiri, yeye anasema sentensi moja, mimi naigeuza Kikamba. Kazi hiyo niliianza nikiwa msichana kwetu Kasikeu, na nitasema ukweli, nilijivunia. Leo nasimama peke yangu.

Mnajua pia ile nyumba ya hapa Kwa Vonza aliyoniachia marehemu mume wangu. Niliigeuza makao ya waandishi. Wanakuja watatu, wanakaa miezi miwili, nawalisha, wanaandika vitabu kwa lugha za mama zao. Safari hii nilikuwa na Mutinda, kijana wetu wa Zombe, na Akinyi anayeandika Kijaluo, na Mzee Galgalo kutoka Marsabit, anayeandika Kiborana. Wengine wenu mliniuliza, "Mama Mutua, hao watu wanaongea nini huko?" Nami sikujua! Lugha zinapishana jikoni, mimi nimeshika mwiko, nacheka wakicheka. Ndugu zangu, nilichanganyikiwa. Mwenye nyumba, na sijui ndani ya nyumba yangu kunasemwa nini!

Basi nikafanya kile ninachokijua. Kila Jumamosi saa kumi tunakaa barazani, kila mtu asome alichoandika. Nikaweka sheria kama ya kanisa: soma sentensi moja, simama, ieleze kwa Kiswahili, halafu mimi naipanga vizuri nairudia kwa sauti. Niliona nimetatua mambo. Hata maikrofoni nilinunua!

Kumbe nilikuwa naharibu. Akinyi alianza kuandika sentensi za maneno manne. Nilipomuuliza, akasema, "Si ni ili usichoke, mama." Mzee Galgalo naye Kiswahili chake ni cha kuchechemea. Jumamosi moja alisoma kipande kirefu bila kusimama, nikainua mkono. Nikamwambia, "Mzee, fupisha, watu wanapotea." Alinitazama. Akafunga daftari.

Wiki nzima hakuandika. Madaftari matatu yalikuwa yamejaa, la nne limebaki tupu, na yeye anakaa tu akiangalia ukuta. Siku ya Alhamisi akaniambia, "Mama, Jumapili mimi narudi nyumbani." Nikamuuliza, na kitabu je? Akasema kitabu kimekwisha kufa.

Ndugu zangu, sikulala usingizi wa maana. Nilijiuliza kosa langu ni nini, sikuliona. Nikawaita akina mama wawili wa maombi, mko hapa, msijifiche! Tukafunga na kuomba, tukakemea roho ya uvivu imtoke yule mzee. Tulikemea mpaka kuku wakakimbia. Mzee akapita na mkoba wake, akatusalimia kwa heshima, akaenda kufua shati la safari.

Jumamosi nikaamka sina sauti. Mafua yalikuwa yamenishika, lakini sijawahi kukauka hivyo. Nafungua mdomo, hakuna kitu! Saa kumi ikafika. Nikamwonyesha Mzee kwa mkono kwamba leo hakuna wa kurudia, kama anataka asome hivyo hivyo. Akauliza, "Bila kusimama?" Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo.

Akasoma. Sikuelewa hata neno moja, na sasa msiniulize, kwa sababu hata leo sielewi ilivyokuwa. Sauti yake ilipanda, ikashuka, ikawa kama anabembeleza mtu. Mutinda akaacha simu. Akinyi akaanza kulia. Mimi nilikuwa natafuta maana kwa bidii, naikosa, halafu nikachoka kuitafuta, nikakaa tu. Machozi yakanitoka, na sijui ya nini!

Alipomaliza aliweka daftari magotini. Kisha akaniambia kwa kile Kiswahili chake, polepole. Ilikuwa ni habari ya mke wake. Aliugua, akampeleka hospitali moja mbali na kwao, ambako hakuna aliyejua Kiborana. Wakamtafuta mtu wa kutafsiri. Mke alieleza maumivu yake kwa muda mrefu, ameshika mkono wa mume wake, na yule mtu akamgeukia daktari akasema, "Anasema tumbo linauma." Basi. Wakampa vidonge, yeye na mume wake wakarudi nyumbani. Ijumaa haikumkuta hai.

Mzee akasema, "Hayo yote aliyosema siku ile, ndiyo naandika."

Nami nilikuwa nimemwambia afupishe! Nilipiga magoti pale barazani bila sauti, nikamwomba msamaha kwa mikono. Ndugu zangu, nilidhani ni yeye anayehitaji kufunguliwa. Aliyefungwa ni mimi, na Bwana alinifungua kwa kuninyamazisha.

Jumapili Mzee hakuondoka. Alijaza daftari la nne, akanunua la tano hapo sokoni.

Namshukuru Mungu. Bado nimechanganyikiwa, bado jikoni sielewi, na Jumapili nikisimama kutafsiri naogopa, naomba nisimpunguze mtu. Lakini wewe uliyekaa hapo nyuma na jambo ambalo hujapata wa kumweleza, na kila ukianza unaambiwa ufupishe, njoo kwa Bwana. Mwambie kwa lugha yako. Mwambie yote, usisimame.