Viti Sita vya Bi Mwanahija

Kijiwe chetu ni benchi la mbao nje ya gereji ya Kondo, hapa Nangurukuru, barabara inapochepuka kwenda Masoko. Kahawa anatuuzia Bi Mwanahija, mjane anayelea wajukuu watatu ambao mama yao alifariki. Wiki hii tunainywa kwa hasira. Majina ya kaya maskini zitakazosaidiwa yamebandikwa ofisini kwa mtendaji wa kijiji, na la kwake halimo. Kama Bi Mwanahija si maskini, neno lenyewe lifutwe tupumzike.

Tulikwenda kumwuliza mtendaji, akasema mfumo umekataa. Huo mfumo ndio nani, hakusema. Anachojua yeye ni kwamba vijana walipita na kishikwambi, wakauliza maswali arobaini, kila jibu na alama zake. Ukivuka alama kumi na mbili, unajiweza. Bi Mwanahija kapata kumi na tisa.

— Kumi na tisa hata mimi shuleni sikuwahi kupata, alisema Kondo.

Kondo tunamwita Injinia kwa sababu anatengeneza bodaboda, na tangu tumpe jina hilo hakuna mashine asiyoijua. Akatufahamisha kwamba kishikwambi kikipigwa na jua la huku kinachanganya hesabu. Nikamwambia mbona simu yake inashinda juani na haijawahi kumpunguzia deni la vocha. Mzee Sixbert, Mmatumbi wa kule milimani tunayemwita Hakimu, akasema jua halihusiki, kile kidude kilinusa nazi jikoni. Na mimi Idd, mkata tiketi za mabasi, nikaongeza kwamba mtambo wa angani uliona bati la msikiti ukadhani ni paa la Bi Mwanahija. Upuuzi mtupu, na tuliusema kwa sauti, maana ukweli sote tulikuwa tunaujua.

Huku kwetu mgeni hakalishwi kwenye mkeka uliotoboka. Bi Mwanahija aliposikia wageni wa mpango wa msaada wanakuja, alifanya ambacho mama yake angefanya. Aliazima. Viti sita vya plastiki, jiko la gesi, na Mzee Sixbert akampa jogoo. Vijana wakakaa, wakala kuku wa nazi mpaka wakalamba vidole, halafu wakawasha kishikwambi. Viti vingapi? Vipo sita. Mnapikia nini? Jiko hilo hapo. Mara ya mwisho kula nyama lini? Leo.

— Na jana mlikula mara ngapi, bibi?

— Tatu, mwanangu, alhamdulillah.

Jana yake walikunywa uji, basi. Lakini nani anamwambia mgeni, tena mtoto wa watu, kwamba humu ndani tumelala na njaa?

— Maswali arobaini, alisema Sixbert, na hamna hata moja linalouliza kama kitu umeazima.

Hapo tulikasirika upya. Kondo akapiga spana chini. Bi Mwanahija akatumiminia kahawa, kama anayesemwa ni mwingine.

Ndipo akaja Naima wa kamati ya kijiji, amebeba fomu. Akatuamkia, tukaitikia. Alikuja na habari njema, rufaa zinapokelewa mpaka leo saa kumi. Mwenye vitu atie saini tu, viondolewe kwa Bi Mwanahija viandikwe kwa mwenyewe, na mfumo utahesabu upya.

— Viti na jiko ni vya nani?

Kondo akashika spana, akaanza kukaza nati aliyokwisha kuikaza. Mzee Sixbert, ambaye cha kwake kilishaliwa, akamtazama Kondo, kisha akanitazama mimi.

Niseme tu. Siku ile vijana walipotoka kwa Bi Mwanahija walikuja kwangu, wakamkuta mke wangu anapuliza kuni, kwa sababu jiko letu la gesi halikuwepo. Wakaandika kuni. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sikuwasahihisha. Kwa Kondo hawakuona hata kiti kimoja, wakaandika hana. Wote wawili tumo kwenye orodha, na wiki nzima tumekaa hapa tunaitukana mashine.

Naima akarudia swali. Nilitazama kikombe changu. Nina watoto wanne, nilijiambia, na nilijiona mnyonge kweli.

Bi Mwanahija alikuwa anafuta birika. Hakututazama.

— Andika ni vyangu, mwanangu, alisema. Hawa ni majirani zangu.

Naima akasimama na kalamu yake, hajui aandike nini. Bi Mwanahija akaanza kukusanya vikombe. Changu kilikuwa bado na kahawa nusu, na hakuniuliza kama nimemaliza.