Kahawa Ambayo Mtaalamu Hakuitafuna

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Na asifiwe hasa na ninyi mliotembea kutoka mbali. Mimi ni Kokushubira, mzaliwa wa Kanazi, niliyeolewa huku Muleba. Leo namshukuru Mungu kwa ajili ya mume wangu, Kamugisha. Nitasema polepole, maana nikisema haraka nitalia.

Kamugisha alitoka vitani mzima. Wenzake wengi, mnajua, hawakurudi. Tukatunza kibanja chetu, migomba na mibuni, nami nikawa napeleka ndizi sokoni Bukoba. Baadaye kampuni moja ikaleta dawa ya wadudu wa kahawa, ikatafuta wanaume wa kupulizia, naye akawa mmoja wao. Alibeba bomba mgongoni, kifua wazi kwa sababu ya joto, na dawa ilimchuruzika mpaka kiunoni. Jioni alikuwa analala nayo hivyo hivyo.

Akaanza kuumwa. Jasho, mate yanamtoka yenyewe, mikono inatetemeka, macho yanaona ukungu, mwili unakwisha. Ndugu zangu, mnaikumbuka miaka ile! Kila nyumba ilikuwa na msiba. Mtu akikonda tu, majirani walikwisha kumhukumu. Kikombe chake kikatengwa. Mama mkwe akaanza kunitazama vibaya, eti ule ugonjwa nimeuleta mimi kutoka mjini pamoja na chumvi na sabuni. Mashemeji wakasema nirudishwe Kanazi. Nilikuwa nalilia migombani ili wanangu wasinione.

Bwana shamba wetu ndiye aliyesema jambo lingine. Alisema dawa ile hupita kwenye ngozi, na kwamba wataalamu wameshalichunguza jambo hilo na wanalijua. Tena alituonya kuhusu amwani, kahawa yetu ya kutafuna. Ile ya kuuza hukobolewa, alisema, lakini hii tunaichemsha na maganda yake, na dawa iko kwenye ganda.

Maneno yake hayakudumu. Kampuni ikamleta mtaalamu wake kwa gari, pamoja na kofia za bure na mabati ya kanisa letu. Kikao kikafanyika uwanjani kwetu. Alikuwa mpole yule bwana, Kiswahili chake kimenyooka. Wala hakusema kwamba dawa ni salama. Hapana! Alisema wapo wanasayansi wanaodai inadhuru na wapo wanaokataa, basi tuendelee na kazi mpaka wakubaliane. Kisha akatabasamu, akasema, "Na wagonjwa wenu, ninyi wenyewe mnajua wanaumwa nini."

Watu wakainamisha vichwa. Kamugisha alikuwa amelala ndani, anasikia kila neno. Hata mimi nikaanza kusadiki, na hilo liliniogopesha kuliko maneno ya mashemeji. Nikaomba palepale: Bwana, nionyeshe, nisije nikamzika mume wangu kwa uongo.

Sasa, kwetu mgeni haondoki bila amwani. Mama mkwe akaileta kwenye kikapu kidogo, akatafuna yeye kwanza kama ilivyo desturi, kisha akamkaribisha mgeni. Yule bwana akaishika kiganjani.

"Mama, hii mmeichuma wapi?"

"Hapo nyuma ya nyumba, mwanangu. Ni ile iliyopuliziwa dawa yenu. Tafuna, imekauka vizuri."

Ndugu zangu, aliifunga kwenye leso, akasema ataitafuna njiani! Nani hapa amewahi kuona mgeni anafungasha amwani? Mama mkwe akamsihi tena, kwa wema kabisa. Akasema tumbo lake halimruhusu.

Nikasimama. Sikuwa na hasira, nashangaa mpaka leo. Nikamuuliza, "Bwana, posho ya safari hii anakulipa nani?"

"Kampuni, mama. Nani mwingine?"

Mama mkwe akatema alichokuwa nacho mdomoni, akaingia ndani, akatoka amemshika mwanawe mkono. Akaniambia, "Mwanangu, funga nguo zake. Tunakwenda hospitali." Mwanangu! Nilikuwa nimesahau kwamba aliwahi kuniita hivyo.

Daktari alisema ni sumu ya dawa, akamtibu. Wakampima na ule ugonjwa mwingine, hakuwa nao. Na kama angekuwa nao, ndugu zangu, bado alistahili kunywa kikombe kimoja na sisi. Jirani yetu aliyebeba bomba pamoja naye hakuwahi kupelekwa. Tulimzika wataalamu wakiwa bado wanabishana.

Siku hizi mvua za masika hazieleweki, na redioni namsikia mtu akisema wanasayansi hawajakubaliana kuhusu joto la dunia. Sauti ile naijua. Mimi si msomi, lakini siogopi tena kuuliza anayemlipa.

Basi namshukuru Mungu aliyefumbua macho yetu kabla hatujachelewa. Mtegemee, wewe uliyechanganywa na maneno mengi. Mwombe akuonyeshe, na akikuonyesha, inuka. Kama una mgonjwa nyumbani ambaye mmeshamlilia akiwa hai, mpeleke kesho asubuhi, umwombee njiani.

Baba, wewe uliyekaa pale karibu na mlango. Simama, Kamugisha, watu wakuone.